Cheti cha Ukaguzi na Kadi ya Gari



Mara nyingi tunaulizwa kama gari lenye cheti cha ukaguzi laweza kununuliwa bila wasiwasi. Tuchukue Toyota Altezza, gari la mwendo kasi lililotumika Japani, ambalo muuzaji hulinadi kuwa limethibitishwa. Cheti chake hueleza hali ya gari siku lilipokaguliwa. Hakisemi ni la nani, wala kama linadaiwa.

Hayo hujibiwa na kadi ya usajili. Ombeni kadi halisi, si nakala wala picha ya simu. Kisha mlinganishe namba ya chasisi na ya injini, tarakimu kwa tarakimu. Mkikuta jina la benki pamoja na la muuzaji, msitoe hata shilingi kabla benki haijathibitisha kwa barua kwamba mkopo umelipwa. Faini za barabarani nazo huandikwa kwa namba ya gari; zikaguliwe katika mfumo wa Polisi siku ileile ya malipo.

Mkataba wa mauziano uandikwe mbele ya wakili, kwa bei halisi. Wapo wanaoipunguza ili kukwepa ushuru wa stempu, na mgogoro ukizuka, mnunuzi hukosa ushahidi wa fedha alizotoa. Kisha umiliki ubadilishwe TRA bila kuchelewa, kila upande ukiwa na TIN yake. Muuzaji akifariki kabla ya hapo, mnunuzi atalazimika kumfuata msimamizi wa mirathi kwa gari alilokwisha kulilipia.