Kuwachora Watoto wa Busia na Malaba Walivyo



Kuta za shule nyingi za chekechea kati ya Busia na Malaba, miji ya mpaka wa Kenya na Uganda, zimechorwa watoto. Ukiwatazama vizuri, wengi ni watu wazima wafupi: mabega mapana, kichwa kidogo, ila wamevishwa sare na kubebeshwa mkoba. Rangi zinapendeza na herufi zimenyooka, kwa hiyo mkono wa fundi hauna kasoro. Alijifunza umbo la mtu mzima, akalipunguza. Wala kazi ya ukutani si ya kudharauliwa. Elimo Njau, Mtanzania aliyesomea Makerere, alichora kuta za kanisa la Murang'a miaka ya 1950, akamweka Yesu mchanga katika mandhari ya Wagikuyu.

Kichwa cha mtoto mchanga ni robo ya urefu wake wote. Wa miaka miwili hutimiza vichwa vitano hivi, wa miaka sita karibu sita, mtu mzima saba na nusu. Sababu ni ubongo: mtoto akifika miaka sita, fuvu limekaribia ukubwa wake wa mwisho, ilhali miguu bado ina safari. Macho ya mtu mzima hukaa katikati ya kichwa. Ya mtoto yako chini ya hapo. Yashushe kidogo tu, na umri unabadilika mbele yako.

Malaba tuna kipimo cha bure: tairi la lori. Kimo chake ni kama mita 1, na mtoto wa PP2, darasa la mwisho la chekechea, hulipita kidogo. Ukimchora kando ya foleni ya malori na kichwa chake kikafika kwenye kioo cha dereva, futa.

Kazi ni kwamba watoto hawatulii. Wachoraji wengi hukimbilia kuwapiga picha kwa simu, nami simshauri anayeanza. Picha humgandisha mtoto, nawe unabaki kunakili mikunjo ya sare bila kuona uzito umeegemea wapi. Afadhali uende kwenye bomba la maji la mtaa. Yupo mtoto aliyejitwika mtungi wa lita 5: shingo imesimama, tumbo limetangulia, mkono mmoja uko juu. Vuta mstari mmoja kutoka shingoni hadi kisigino kinachobeba uzito, weka kichwa, basi. Akiondoka, anza mwingine kwenye ukurasa uleule. Wa kwanza utamrudia, kwa kuwa mikao ya watoto hujirudia. Asipoirudia yeye, atairudia mdogo wake.

Ngozi yetu nayo huharibiwa na penseli inayopakwa uso mzima mpaka mtoto anageuka kivuli. Tumia boksi la kahawia la katoni, ambalo tayari lina rangi ya kati. Giza lipate makaa ya jikoni. Nuru ya paji, ncha ya pua na mdomo wa chini ipate chaki.

Kisha kuna ruhusa. Mgeni anayewakodolea macho watoto huku akichorachora daftarini hutiliwa shaka, na ni haki, mahali ambapo mtoto huweza kuvuka nchi kwa miguu. Mwombe mama kwanza, chora mbele za watu, ukimaliza mwonyeshe. Atakuambia papo hapo kwamba masikio hayo si ya mwanawe.