Kipande cha Chuma Chini ya Boneti

(Mazungumzo mbele ya wanafunzi na wahitimu siku ya mkutano wa mwaka)



Nilipopewa nafasi hii niliombwa nizungumze jambo la manufaa, lisiwe hotuba ya kazini. Nimeshukuru sana, kwani hotuba za kazini nazisoma siku tano kwa juma. Basi nimechagua kuzungumza juu ya kipande cha chuma. Asubuhi, magari yetu yalipofunguliwa boneti ili yatiwe maji, niliona matatu yenye chuma kinachong'aa kilichovuka juu ya injini kutoka upande mmoja hadi wa pili. Mafundi wa gereji hukiita stratibaa. Wenye magari hayo wanisamehe. Nataka tuulizane chuma hicho kinafanya kazi gani, mtu anaweza kukifunga vipi mwenyewe, na ni jambo gani hakiwezi kulifanya.

Magari mengi madogo tunayotumia, kama Corolla, Vitz na IST, hayana chesisi ya peke yake kama Land Rover za zamani. Bodi lenyewe ndilo hubeba kila kitu. Mbele, kila gurudumu limeshikwa na shokapu iliyozungukwa na springi, na kichwa cha shokapu kimefungwa kwa nati mbili au tatu kwenye kikombe cha bati ndani ya boneti. Mpango huu unaitwa kwa jina la Earle MacPherson, mhandisi Mmarekani. Ford Consul na Ford Zephyr, zilizoonyeshwa London mwaka 1950, zilikuwa miongoni mwa magari ya kwanza kuutumia.

Gari likikata kona, vikombe hivyo viwili husukumwa kwa pembeni. Bati hupinda kidogo, kiasi kisichoonekana kwa macho, lakini chatosha kubadili pembe ya tairi na kuufanya usukani uchelewe kuitika. Mmeona nyumba inavyoezekwa. Makombamoyo hutaka kuzisukuma kuta nje, naye seremala hulaza boriti kutoka ukuta hadi ukuta, kuta zikatulia. Chuma chetu ni boriti hiyo. Huviunganisha vikombe viwili ili mmoja usisogee bila mwenzake.

Hapo ndipo kazi yake inapoishia. Hakiongezi mshiko wa tairi barabarani wala hakifupishi safari ya breki. Aidha, si kila gari linakihitaji. Katika baadhi ya Mark II za miaka ya 1990, kwa mfano, gurudumu la mbele limeshikwa na mikono miwili, wa juu na wa chini, na shokapu hubeba hasa mzigo wa kupanda na kushuka. Huko faida yake ni ndogo zaidi.

Kwa hiyo kabla hujatoa fedha, kagua gari. Tazama matairi kama yamelika upande mmoja. Tazama shokapu kama zinavuja mafuta. Inua gurudumu kwa jeki, weka vigingi imara chini ya gari, kisha litikise. Likicheza, bereng'i, boljointi au tairodi imechoka. Chungulia bushi kama zimepasuka. Mwisho tazama vikombe vyenyewe, maana bati lililoliwa na kutu halisaidiwi na chuma cha kung'aa. Nilipokagua Corolla yangu niliona bushi za mikono ya chini zimechanika. Zilipobadilishwa, na alaimenti ikapimwa, gari liliacha kuyumba katika barabara kuu. Stratibaa niliifunga miezi mitatu baadaye, na kilichoongezeka ni usukani kuitika upesi kidogo kwenye kona. Nawapeni kipimo hicho kama kilivyo, ili mnunuzi ajue anachonunua.

Sasa tufunge. Kazi hii haizidi saa moja kwa mtu mwenye seti ya spana na subira.

Kwanza, weka gari mahali tambarare, injini ikiwa baridi, magurudumu yote yakiwa chini. Usiliinue kwa jeki. Uzito wa gari ndio unaokishikilia kichwa cha shokapu mahali pake wakati nati zimefunguliwa.

Pili, naomba vijana mlisikie hili vizuri. Katikati ya kikombe kuna nati kubwa moja. Usiiguse. Hiyo ndiyo inayoizuia springi iliyobanwa, na ikifunguliwa springi inaweza kuruka kwa nguvu ya kuua mtu. Zinazofunguliwa ni zile nati ndogo za pembeni peke yake.

Tatu, safisha bati kwa brashi, kisha weka kishikio cha upande mmoja na halafu cha upande wa pili. Hakikisha bolti zinatokeza nje ya nati angalau nyuzi mbili. Ikiwa kishikio ni kinene hata bolti haifiki, chuma hicho si cha gari lako, kirudishe dukani. Nati za kujifunga zenyewe zikishafunguliwa, nunua mpya.

Nne, pitisha chuma na ukitazame kwa makini. Kisikaribie kichwa cha betri, kwa maana chuma kikigusa upande wa chanya utawasha moto ndani ya boneti. Kisiguse mpira wa maji, wala mfuniko wa injini. Injini hutikisika ikifanya kazi, basi iachie nafasi. Ili kupima boneti, weka vidonge vya udongo laini juu ya chuma, uishushe taratibu bila kuibamiza, kisha uifungue. Kidonge kilichogeuka chapati kinakuambia kuwa boneti itagonga.

Tano, kaza nati kidogo kidogo kwa zamu, na umalizie kwa spana ya kupimia mkazo kwa kiasi kilichoandikwa katika kitabu cha gari. Ikiwa chuma kina sehemu ya kuzungusha ili kirefuke au kifupike, kizungushe hadi ulegevu uishe, kisha uache. Anayeendelea kukaza huvisogeza vikombe na kuipotosha pembe ya matairi ambayo alitaka kuilinda.

Sita, endesha taratibu huku ukisikiliza. Baada ya kilomita 100 hivi zipime nati tena, halafu peleka gari kwenye alaimenti. Waulize pia watu wa bima yako kama mabadiliko hayo wanayakubali.

Ndugu zangu, hatari kubwa ya chuma hiki haimo katika kukifunga. Imo katika moyo wa dereva. Usukani ukiitika upesi, dereva huhisi kwamba gari limekuwa imara, na hisia hiyo humvuta aongeze mwendo. Tufanye hesabu ambayo mwanafunzi wa fizikia hapa anaweza kuihakiki. Gari la kilo 1,000 likizunguka kona yenye nusu kipenyo cha mita 100 kwa mwendo wa kilomita 72 kwa saa, matairi yake yanatakiwa kutoa nguvu ya nyutoni 4,000. Ongeza mwendo ufike 90, na nguvu inayotakiwa hufika 6,250. Mwendo umeongezeka kwa robo, lakini deni la matairi limeongezeka kwa zaidi ya nusu. Deni hilo hulipwa na viganja vinne vya mpira vinavyogusa lami. Mvua ikinyesha, au mpira ukiwa umelika, hakuna cha kulipia, hata chini ya boneti ungefunga vyuma kumi.

Wengi wetu tunapita Kitonga tukienda Iringa na Mbeya. Mnazijua kona zile, mnayajua malori yanayoteremka, na mnayajua mabonde yaliyo kando. Abiria wa kiti cha nyuma hajui kama umefunga stratibaa. Yeye anajua tu kwamba amekukabidhi watoto wake.

Kwenu vijana, neno moja. Somo la nguvu na mwendo mnalolikariri kwa ajili ya mtihani ndilo lililomo katika kazi hii yote. Msione haya kushika spana kwa sababu mtapata digrii. Mimi ni mtu wa ofisini na mafaili, lakini ninapompelekea fundi gari, najua la kumwuliza, naye anajua kwamba najua. Heshima hiyo ni ya pande mbili, na huokoa fedha nyingi.

Mwenye gari bovu alitengeneze kwanza. Mwenye gari zima, akitaka, afunge chuma chake vizuri, kisha aendeshe kwa mwendo uleule wa jana.

Mkutano ukifungwa, nitakuwa pale chini ya miti na seti yangu ya spana. Anayetaka kukaguliwa nati zake na asogeze gari.