Mwalimu Msaidizi na Cheti Chake

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka

Bwana Mwenyekiti, wazee wetu waheshimiwa, na wanachama nyote,

Twaishukuru Halmashauri kwa kuturuhusu kusema machache juu ya vijana wanaowafundisha watoto wetu bila ya kuandikwa na Serikali.

Wazee mwawafahamu. Kutoka Diani hadi Msambweni, na barani hadi Kinango, shule ya umma ikipungukiwa na walimu, bodi ya shule humwita kijana wa papo hapo aliyemaliza kidato cha 4, akakabidhiwa chaki na darasa. Mshahara wake ni mchango wa wazazi. Samaki wakiadimika na minazi isipozaa, naye hurudi nyumbani mikono mitupu. Hata hivyo ana faida kubwa. Mtoto wa darasa la kwanza aliyelelewa kwa Chidigo hufahamu upesi akielezwa kwa lugha ya mamaye.

Desturi hii si ngeni. Serikali ilipoondoa karo ya madarasa manne ya chini mwaka 1974, watoto walifurika shuleni katika Kenya nzima, na maelfu ya watu wasiosomea ualimu wakaingizwa madarasani. Siku hizo mtu aliweza kuanza kazi kwanza, kisha akaenda chuoni, akapanda ngazi kutoka P3 hadi P2 na P1.

Mlango huo umefungwa. Sheria ya Tume ya Kuwaajiri Walimu ya mwaka 2012 yakataza mtu yeyote kufundisha bila ya kusajiliwa na Tume hiyo, iliyoundwa mwaka 1967. Ili asajiliwe, sharti awe na cheti cha mtihani wa kidato cha 4, cheti cha chuo cha ualimu, na hati ya polisi ya tabia njema. Hati hiyo ya mwisho tusiione kuwa usumbufu, kwa maana ni ulinzi wa watoto wetu. Tena, tangu mwaka 2021 vyuo vya ualimu wa shule za msingi vilianza kutoa stashahada ya miaka 3 mahali pa cheti cha P1 cha miaka 2.

Basi nafasi ikitangazwa, kijana aliyefundisha miaka mitano hawezi hata kujaza fomu. Nafasi humwendea mwenzake atokaye mbali, na manung'uniko huanza barazani. Wazee wetu, tuseme kweli: mgeni yule hakutunyang'anya kitu. Alikuja na cheti. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Lakini kumsifu kijana wetu na kumwacha bila ya chuo si kumtunza, bali ni kumtumia.

Kwa hiyo twaomba mkutano huu ukubali mambo matatu. Kwanza, kila tawi liandike majina ya vijana wanaofundisha hivi, wa kike na wa kiume, pamoja na alama zao za mtihani, ili tujue nani aweza kupokelewa chuoni, na nani afaa kusomea malezi ya watoto wa chekechea, kazi ambayo Katiba ya 2010 imeikabidhi kaunti. Pili, sehemu ya akiba yetu itengwe kuwalipia karo, wala tusingoje msaada wa kaunti peke yake. Tatu, atakayesomeshwa aahidi kurudi kufundisha kwetu kwa muda utakaopatanwa.

Gharama yake si ndogo, nasi twalijua hilo. Lakini mtoto wa Msambweni ana haki ya mwalimu aijuaye lugha yake na aijuaye kazi yake pia. Tusimlazimishe kuchagua moja.

Twaiacha shauri hii mikononi mwenu.