Sindano za Kutafuta Mtoto: Aibu Isituue



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.T). Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), ahli zake na swahaba zake. Ama baad.

Ndugu yangu katika imani, mada yetu ni ile ambayo watu huizungumza kwa kunong'ona. Watu wameoana, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, mtoto hajapatikana. Maneno ya watu yanaanza. Mwishowe daktari anaandika sindano za homoni, na mke anadungwa kwa siri hata mamake hajui.

Kutafuta tiba si kukosa tawakkul. Nabii Zakariya (A.S) alimuomba Mola wake mtoto hali ni mzee na mkewe ni tasa, na Mtume wetu (S.A.W) ametuhimiza tujitibu. Kwa hivyo sikuja kukutisha. Nataka ujue unachodungwa.

Kwanza, hizi si sindano za kupanga uzazi. Kila mwezi mwili wa mwanamke huanza kuandaa mayai kadhaa, lakini kwa kawaida moja tu ndilo hukomaa, mengine hufa. Sindano hizi huyasaidia yale ambayo yangekufa nayo yakomae. Basi wanaosema kuwa zinamaliza mayai hawakupata habari sawa. Katika matibabu ya kutungisha mimba nje ya mwili, hudungwa kila siku, mara nyingi chini ya ngozi ya tumbo, kwa siku 8 hadi 12 hivi. Kisha hufuata sindano ya mwisho ya kuyakomaza mayai. Na saratani je? Tafiti za miaka mingi hazijaonyesha kuwa zinaongeza saratani ya matiti.

Madhara madogo ni ya kawaida: kichwa kuuma, tumbo kujaa, matiti kuuma, hasira za karibu, wekundu pale ulipodungwa. Haya hupita. Pia kuna uwezekano wa kubeba mapacha au zaidi, na mimba kama hiyo ina hatari ya watoto kuzaliwa kabla ya wakati.

Lakini kuna hali moja usiifanyie mzaha. Mara nyengine ovari huzidi kuchochewa, zikafura, na maji yakatoka ndani ya mishipa ya damu yakajaa tumboni. Hali hii ikiwa kali, damu huwa nzito na huweza kuganda, figo nazo huumia. Hali kali humpata kama mwanamke 1 kati ya 100 wanaofanyiwa matibabu hayo ya nje ya mwili. Walio hatarini zaidi ni wenye umri mdogo na wale ambao ovari zao zina vifuko vingi vidogo vidogo. Kwa kawaida huanza siku chache baada ya sindano ya mwisho, na mimba ikishika huweza kuendelea kwa muda zaidi.

Dalili zake zishike: tumbo kufura haraka, uzito kupanda ghafla, kutapika kusikokoma, mkojo kidogo na wa rangi nzito, pumzi kukata, au mguu mmoja kufura na kuuma. Ukiziona, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje kesho, na usimeze Brufen kutuliza maumivu.

Sasa tuje kwenye mwezi huu mtukufu. Je, sindano inabatilisha swaumu? Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1997, liliamua kuwa sindano ya ngozi, ya msuli au ya mshipa haibatilishi, isipokuwa ile ya kuulisha mwili. Lakini swali kubwa si sindano, ni maji. Dada mwenye dalili nilizotaja akikaa na kiu mpaka magharibi anajiangamiza. Mola wetu amemruhusu mgonjwa kula na kulipa siku nyengine. Basi kwa nini dada yetu afunge akiwa mahututi? Ni kwa sababu akionekana anakunywa maji, mawifi watauliza, na siri itatoka! Hapo ndipo aibu inapoua.

Kwa hivyo, dada yangu, kabla ya kuanza muulize daktari: Nitapigwa picha ya ovari mara ngapi? Dozi itapunguzwa vipi mayai yakizidi? Nimpigie nani simu usiku? Asiyekupima asikudunge. Dawa iliyobaki ya shoga yako si dozi yako, na inayotakiwa kukaa kwenye friji isikae kabatini. Tena mwambie mtu mmoja unayemuamini, ajue dalili hizi.

Nawe kaka yangu, mwanzo kapimwe wewe pia, maana tatizo huweza kuwa kwako na mwenzako akadungwa bure. Pili, simama mbele ya jamaa zako. Mkeo asipofunga, sema, "Ni mgonjwa, nami najua." Maneno hayo machache huenda yakamuokoa.

Na sisi wengine, tuache kuuliza matumbo ya watu.

Mwenyezi Mungu awaruzuku wanaotafuta kizazi chema, awape subira na afya, na azitaqabali swaumu zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.