Vita vya Ukraine na mfuko wa urea

Msikilizaji wa Kiwangwa, wewe unayetia urea kwenye mashina ya mananasi, vita vya Ukraine vilikufikia bila risasi. Urusi, iliyoivamia Ukraine Februari 2022, ni muuzaji mkubwa wa mbolea duniani. Bei, iliyokwisha kupanda, ikapaa zaidi.

Machi 2 mwaka huo, Umoja wa Mataifa ulipopiga kura kuhusu uvamizi huo, Kenya iliunga mkono azimio la kuulaani. Tanzania ilijizuia kupiga kura. Wapo walioiita hatua hiyo woga. Mimi naona ni msimamo wetu wa kutofungamana na upande wowote, tangu enzi za Mwalimu Nyerere.

Ila msimamo haushushi bei dukani. Kilichoishusha ni ruzuku: kuanzia Agosti 2022, mfuko wa urea wa kilo 50 ukauzwa shilingi 70,000 kwa mkulima aliyesajiliwa. Hujajisajili? Anzia ofisi ya kijiji.