HATI YA SHAMBA SI KIBALI CHA KUJENGA
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa mwaka wa chama, Salama)



Jambo nililochagua lahusu mashamba yetu, nalo ni hili: ni lini mwenye shamba aweza kusema kwa hakika kwamba haki ya kujenga ni yake?

Wengi wetu hujibu kwamba ni siku ile apatapo hati. Jibu hilo lina upungufu. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 40, yalinda mali ya kila mtu. Lakini kifungu cha 66 chaipa Serikali uwezo wa kuongoza matumizi ya ardhi yoyote kwa ajili ya usalama, afya na mipango. Basi hati yasema shamba ni la nani. Haisemi ni nini kitakachojengwa juu yake.

Jambo hili halipo mbali nasi. Huko Malili, kiasi cha ekari 5,000 zilitengwa kwa mji wa Konza, ambao Rais Mwai Kibaki aliuzindua Januari 2013. Tena ukanda wa kilometa 10 kuuzunguka mji huo ulitengwa ili ujenzi udhibitiwe. Wenye mashamba ndani yake walikuwa na hati, ila hawakuweza kujenga kama wapendavyo.

Njia ya kuipata haki imo katika Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019. Hapana mtu aruhusiwaye kujenga, kuligawa shamba viwanja, wala kubadili matumizi yake bila kibali cha serikali ya kaunti. Avunjaye amri hiyo aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kufungwa muda usiozidi miezi 2, au vyote viwili. Lakini sheria hiyo humlinda mwombaji pia: asipopata jibu la maandishi katika siku 60, kibali huhesabiwa kuwa kimetolewa. Akikataliwa, ana siku 14 za kukata rufani mbele ya kamati ya kaunti ya mipango ya ardhi, na baada yake iko Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Hata hivyo, kibali si cha milele. Kazi isipoanza katika miaka 3, kibali hufa. Na mwenye kuvunja masharti yake huweza kunyang'anywa. Wala neno la mdomo la karani halitoshi. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ilieleza kwamba ahadi ya ofisi humfaa mtu ikiwa ni ahadi ya wazi, nayo ofisi ilikuwa na uwezo wa kisheria wa kuitoa. Hapana atakayetegemea ahadi inayopingana na sheria.

Nchi nyingine nazo zimelipima jambo hili. Katika majimbo mengi ya Marekani, sheria mpya haimgusi mtu aliyepata kibali halali, akaanza kazi kwa nia njema na kutumia fedha nyingi. Katika jimbo la Washington haki hiyo hushika tangu siku ya kupeleka maombi yaliyokamilika. Kote huko anayelindwa ni yule aliyetangulia kufuata sheria.

Ndugu zangu, fedha za kujengea duka kando ya barabara ya Mombasa ni jasho la miaka mingi. Pengine ni akiba ya mjane aliyeuza pojo na mbuzi wake. Yatupasa tusiiache iangushwe kwa siku moja. Kwa hiyo nashauri mambo matatu. Kwanza, kabla ya kununua tofali, tuulize ofisi ya mipango ya kaunti eneo letu limepangiwa nini. Pili, tupeleke maombi kwa maandishi, na nakala yenye muhuri na tarehe ibaki nyumbani, kwani bila tarehe zile siku 60 hazina ushahidi. Tatu, tukipata kibali tuanze kazi mapema na kuzitunza risiti zote.

Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Na tuandike, wazee wangu, ili watoto wetu wasije wakarithi kesi mahali pa nyumba.