Nani Aliutunza Moto? Mhadhara wa Umma, Kigamboni



Ipo hoja inayopendwa sana siku hizi, nami siwezi kuinyamazia. Inasema kwamba mpaka miaka kama 400,000 iliyopita binadamu alikuwa akiokota tu moto ulioachwa na radi porini, na kwa kuwa hakujua kuuwasha, moto huo hauna uzito katika kumfanya awe mtu. Mwaka 2011 Wil Roebroeks na Paola Villa waliyapitia maeneo ya kale ya Ulaya, wakakuta kabla ya wakati huo dalili za moto wa kila siku ni haba mno. Kazi yao ni safi. Ninaogombana nao ni wale wanaoinyanyua Ulaya na kuitandaza juu ya Bonde la Ufa.

Wazee wetu wa Turkana na Baringo walikaa mahali pa wazi, kandokando ya maji. Majivu ya hapo yanadumu? Nendeni ufukweni baada ya masika, pale wanapochomea samaki. Majivu yamekwenda na mvua. Kilichobaki ni udongo ulioiva chini ya mafiga, mwekundu na mgumu.

Udongo wa namna hiyo ndio uliopatikana Chesowanja, karibu na Ziwa Baringo. John Gowlett na wenzake waliutangaza mwaka 1981: vipande vilivyoungua vimelala pamoja na zana za mawe na mifupa ya wanyama, chini ya mwamba wa volkano wenye umri wa miaka kama milioni 1.4. Kila nikiirudia makala ile naiheshimu zaidi. Hawakuridhika na rangi, maana udongo mwekundu umejaa tele. Waliupima usumaku wake, wakakadiria joto la nyuzi 400 hivi, ambalo moto wa kuni wa kambini hulifikia. Wapinzani wakajibu kwamba kisiki kinachofukuta baada ya moto wa nyika kinaweza pia kulifikia. Ni kweli, kinaweza. Ila kisiki hakichongi mawe.

Na hilo la kuwasha? Nimelelewa Mjimwema. Usiku bibi yangu aliyafukia makaa kwa majivu, alfajiri akayafukua, akatia makumbi makavu, akapuliza. Yakiwa yamezimika, mjukuu alitumwa kwa jirani na kigae, akapalie moto. Kiberiti hakikuwamo katika habari hiyo, na jiko lilikuwa jiko la watu.

Kule Fongoli, Senegal, Jill Pruetz aliwaona sokwe wakipita jirani na moto wa nyika bila hofu, wakiusoma unakoelekea. Kuutilia kuni hawajaonekana. Atiaye kuni amewaza usiku ujao, na amewaza wenzake watakaoota. Richard Wrangham anauweka mwanzo wa utu katika kupika, na mengi anayosema kuhusu meno na ubongo nayakubali; lakini chungu hakitangulii moto uliotunzwa. Naamini utu ulianza kwa kumtunzia mwingine moto.

Mwaka 2012, katika pango la Wonderwerk, Afrika Kusini, hadubini ilionyesha majivu ya miaka milioni moja, takriban mita 30 ndani. Udongo wa Chesowanja unastahili kipimo hicho hicho, na vijana wetu wa akiolojia wafundishwe kukifanya hapa hapa Afrika Mashariki.